Kuti Lililofunga Njia

Mdogo wangu anataka kuiuza baiskeli ya papa, baba yetu. Amempata mtu wa vyuma chakavu anayezunguka mtaani kwetu Mangobo na mkokoteni, na mtu huyo ameshakuja mara mbili kuitazama, akaigonga rimu kwa kidole na kuguna kama daktari. Simlaumu mdogo wangu. Alizaliwa wiki chache tu kabla ya safari nitakayoisimulia, na kwake baiskeli ile ni chuma kinachochukua nafasi chini ya paa la jiko. Lakini juzi nilipokwenda kuiondoa ukutani, nilikipangusa kiti cha nyuma, kile cha vipande vya vitenge alichokishona mama, na mkono wangu ukanuka mawese. Baada ya miaka yote hii. Nikakaa chini kwenye vumbi na nguo zangu za kazini, mtu mzima na akili zangu, nikalia.

Nawaandikia nyinyi rika langu mliokuwa wadogo Kisangani wakati ule wa vita. Mnakumbuka tulivyolala chini ya vitanda badala ya juu yake, na tulivyojua kwa mlio tu kama bomu linakwenda au linakuja. Meli hazikupanda tena kutoka Kinshasa. Chumvi ikawa kitu cha kulambwa kwa ncha ya kidole, na baiskeli ikawa mfalme. Toleka, baiskeli za kubeba abiria, zilibeba wagonjwa, nguruwe, mabibi harusi na maiti, wote kwenye kiti kilekile. Wanaume waliokuwa walimu na makarani waliingia barabara ya Ituri na madumu ya mawese, wakaenda mbali mashariki, wakarudi na chumvi na miguu imevimba.

Papa alikuwa mmoja wao. Yeye na mama walitoka Kivu ya Kaskazini wakafungua duka sokoni. Duka likaporwa mara mbili, na mara ya tatu waporaji wakakuta hakuna kitu wakavunja mlango kwa hasira. Ikabaki kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli kwetu. Kila Jumapili mama alikaa upande upande kwenye kile kiti cha nyuma, kitenge kimepigwa pasi, mkono mmoja kiunoni mwa papa, wakaenda misa. Sisi watoto tulikimbia nyuma. Majirani walimtania mama kwamba hata mke wa gavana hana dereva mwaminifu kama yule, na mama alikuwa akicheka huku akijifanya amekasirika.

Papa hakusafiri peke yake. Alikwenda na Tonton Kambale, mdogo wake mama. Mama alimlea huyo mgongoni tangu mama yao alipofariki, na hata alipokuwa mwanamume mwenye ndevu bado alimkatia kucha. Tonton alikuwa mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele, na hakuweza kupita mbele ya mtoto bila kumpa kitu: ganda la konokono, kizibo, hata mbegu ya papai.

Hawa waendesha kinga wa masafa marefu walikuwa na utaratibu wao. Nitaueleza sasa hivi, mapema, kwa sababu siku ile mimi sikuujua, na nataka nyinyi muujue tangu mwanzo. Hawakwenda wakiwa wamefuatana. Mmoja alitangulia na mzigo mwepesi, mwingine akafuata saa chache nyuma na mzigo mzito. Wa mbele aliulizia habari njiani. Akisikia kwamba mahali fulani kuna kizuizi cha wanajeshi, alikata kuti changa la mchikichi akalilaza kuvuka barabara ile mbaya, shina limeelekea kwenye kijia cha kupita. Hakuna mwendesha kinga aliyeruka kuti. Na wa mwisho wa kundi alipofika aliliokota, ili wanajeshi wasije wakaisoma alama. Walikuwa na msemo wao: wa mbele anafunga, wa nyuma anafungua. Watoto hawakuambiwa. Mtoto akibanwa na askari husema yote, hata yale asiyoulizwa.

Ilikuwa likizo kubwa, miezi ya kiangazi, nami nilikuwa na miaka tisa. Mji ulikuwa umepigwa vibaya. Kombora lilianguka nyuma ya nyumba yetu, na mtikisiko ukaangusha kile kijitawi kikavu cha Jumapili ya Matawi kilichokuwa juu ya mlango, kikasagika chini ya miguu ya watu waliokuwa wakikimbia. Mama, ambaye ndiyo kwanza ametoka kujifungua, alihangaikia kile kijitawi kuliko bati lililotoboka. Alisema nyumba isiyo na tawi lililobarikiwa ni kama mtu asiye na shati. Mimi nililiweka neno hilo moyoni, kama watoto wanavyoweka maneno, bila kumwambia mtu.

Basi ikaamuliwa nipelekwe kwa shangazi, dada yake papa, karibu na Bafwasende, mpaka mji utulie. Nilifurahi kama mtu anayepelekwa sherehe. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba palikuwa na sababu nyingine: mwanamume mwenye mtoto kwenye kinga hasumbuliwi sana vizuizini. Nilikuwa karatasi ya ruhusa ya papa.

Asubuhi ya kuondoka mama alisimama mlangoni na mtoto mchanga kifuani. Tonton alikuwa anafunga madumu manne ya mawese kwa mipira ya ndani ya magurudumu, akipiga mluzi.

"Papa Kavira," mama alimwambia papa, "ndugu yangu ni mumoja. Unanisikia? Umurudishe."

"Nitamurudisha."

"Hapana kusema tu."

"Maman Kavira, nilisema nitamurudisha. Alors?"

Kavira ni mimi. Nilikuwa nimeshapanda kwenye kiti cha mama, nimekalia mkeka uliokunjwa, na kile nilichokifikiria ni kwamba mama ananionea wivu kwa kukaa mahali pake.

Papa alinipa amri moja tu, akairudia mpaka tukatoka mjini. "Usiguse kitu kwa njia. Hata kama iko muzuri namna gani. Kalamu, kopo, saa, usiokote. Batoto bengi balikatika mikono na bomu. Unasikia?"

"Ndiyo, papa."

"Na basoda ya kizuizi bakikuuliza?"

"Tunaenda kwa shangazi mugonjwa."

"Anagonjwa nini?"

"Tumbo."

"Bon."

Papa nami tulitangulia, Tonton akabaki kufuata na madumu. Siku ya kwanza barabara ilikuwa tambarare, nyekundu, na msitu umeikaba pande zote mbili mpaka mbingu ikawa utepe tu. Magari hayakupita tena, kwa hiyo barabara ilikuwa imebaki upana wa njia ya kinga moja katikati ya majani. Tulipishana na wenzetu waliokuwa wakirudi na chumvi, wakisukuma, hawaendeshi, fimbo imefungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti. Waliongea na papa bila kusimama. "Mbele namna gani?" "Mbele iko sawa mpaka kwa daraja." Basi. Kila mtu alizungumza kama aliyebanwa na kikohozi kanisani.

Jioni tulilala katika kijiji cha jamaa mmoja wa papa, na kabla giza halijaingia Tonton akatokea, jasho linachuruzika, amechomeka kuti changa nyuma ya shati lake kama mkia wa jogoo. Watoto wa kijiji walicheka mpaka wakaanguka. Alilichomoa, akanipepea nalo, kisha akakaa kwenye gogo akalichana na kulisuka kwa vidole vyake virefu, akanipa msalaba mdogo, wa kijani kibichi, unaonuka majani yaliyokatwa.

"Ulitoa wapi, Tonton?"

"Kwa njia. Njia inanipendaka, inaniachiaka zawadi."

Papa alicheka. Siku ya pili Tonton alifika tena na kuti, akasuka msalaba mwingine. Mimi nikajumlisha mambo kwa akili ya miaka tisa. Nilidhani mahali fulani mbele yetu kuna maandamano ya watu wa Mungu wanaodondosha matawi, kama tunavyodondosha sisi siku ile ya Bwana kuingia Yerusalemu. Nilidhani barabara ya Ituri ni barabara iliyobarikiwa. Nyinyi chekeni. Mtoto akinyimwa maelezo hujitengenezea yake, na huwa mazuri kuliko ya wakubwa.

Siku ya tatu milima ikaanza. Si milima ya kutisha, wenzetu wa Butembo wangetucheka, lakini kwa kinga kilima ni kilima. Papa alishuka akasukuma, nami nikatembea nyuma nimeshika chuma cha kiti nikijidai nasaidia. Kwenye miteremko alinipandisha, akakandamiza gurudumu la nyuma kwa soli ya sandali yake, maana breki hazikuwapo, na mpira ukanuka moto. Niliogopa na kupenda kwa wakati mmoja. Kilima cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kutoka juu ya kila kimoja tuliona kingine, cha bluu, kisha kingine nyuma yake.

Sijui ni kilima cha ngapi nilipogundua kwamba kwa muda mrefu sijasikia jogoo. Tulipita kijiji kizima, nyumba kumi au kumi na mbili, milango wazi, mchi umeegemea kinu na unga mbichi wa muhogo bado kwenye ubao wake. Hakukuwa na moshi. Mbuzi mmoja alitutazama kutoka barazani mwa mtu, kama mwenye nyumba. Nilicheka, papa akanifumba mdomo kwa kiganja. Hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kutoka kidogo kidogo, kama pumzi ya mpira wenye tundu dogo.

Mbele kidogo tulimkuta mama mmoja kando ya barabara akikusanya makemba yake, ndizi za kuchoma, haraka haraka kwenye beseni, yakiwa bado na moto. Hakutuangalia usoni.

"Papa, usiende mbele na barabara mukubwa," alisema. "Basoda beko pale kwa mutelemuko. Toka jana. Banakamata banaume ya kubeba mizigo."

"Banabarudishaka?"

Yule mama alifunga beseni kwa kitambaa. "Bale ba juma ile ingine hatubaonaka bado."

"Na kijia ya juu ya kilima?"

"Ile iko. Lakini mupite sasa." Akaweka beseni kichwani akaingia msituni, moja kwa moja ndani ya majani, mahali ambapo mimi sikuona njia yoyote. Nilimwonea huruma kwamba hakuuza hata kemba moja.

Tulifika njia panda. Barabara kubwa ilishuka kulia, pana, laini, ya kuvutia, na kijia kikapanda kushoto kati ya mawe. Papa aliniambia, kama siku zile mbili zilizotangulia, nikajisaidie nyuma ya kichaka na nisitoke mpaka aniite. Nilimsikia akikata kitu kwa panga, pigo moja tu. Kisha nikamsikia akipandisha kinga kwenye mawe, akihema, sauti ikienda mbali. Alitaka kuivusha kwanza kijito kilichokuwa hapo juu, ndipo anirudie.

Sikungoja kuitwa. Nilitoka. Na pale, katikati ya barabara nyekundu, limelala kuti changa, la kijani karibu njano, si refu kuliko mkono wa mtu mzima.

Nimeisimamisha picha hii kichwani mara nyingi sana. Jua lilikuwa limelipiga. Hapakuwa na upepo, wala ndege. Shina lake bichi lilikuwa na tone la maji. Ninamwona yule mtoto amesimama juu yake na gauni lake la njano, na ningekuwa na uwezo ningemvuta kwa nywele. Yeye aliwaza juu ya mlango wa mama usio na tawi. Aliwaza kwamba leo, kwa mara ya kwanza, yeye ndiye atakayempa Tonton zawadi ya njia badala ya kupewa, na Tonton atasuka msalaba mkubwa kuliko yote, wa kupeleka Mangobo. Alikumbuka pia amri ya papa. Akatazama huku na huku, akaliokota, akalikunja mara mbili chini ya gauni.

"Kavira! Kuya!"

Nilikwenda. Papa alikuwa ng'ambo ya kijito, mgongo kwangu, anakaza kamba. Nililisukumiza ndani ya mkeka uliokunjwa, nikaketi juu yake.

Mchana ule wote tulipanda na kushuka. Kila nilipotikisika kwenye kiti nilisikia kuti linalia chini yangu, krr, krr, na nilifurahia siri yangu. Mara moja, tukiwa juu kabisa, papa alisimama akasikiliza nyuma. Kutoka chini, upande wa barabara kubwa, ukaja mlio mmoja, mkavu, kama mtu amevunja ukuni gotini. Baadaye hakuna kitu.

"Iko nini, papa?"

"Muwindaji."

Lakini alisimama pale muda mrefu. Kisha akasema, si kwangu, "Kambale ataona." Akapanda kinga.

Tulifika kwa shangazi jua lingali juu ya miti. Shangazi alipiga vigelegele, akatutilia sombe ya majani ya muhogo na makemba, akaniosha miguu. Papa alikuwa mchangamfu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimwambia shangazi aweke sahani ya Kambale kando, atafika sasa hivi, na aiweke nyingi kwa sababu shemeji yake anakula kama mtu aliyefungiwa.

Mimi nilitandika mkeka. Nilikuwa nimesahau kabisa, au labda nilitaka kuonekana. Kuti likaanguka miguuni mwa papa, limekunjika, limenyauka kidogo.

Hakunipiga. Ningependa kuandika kwamba alinipiga. Alilitazama, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeitwa jina na sauti asiyoijua.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa njia."

"Wapi kwa njia?"

"Pale ulisema nijisaidie. Ni ya Tonton. Anisukie musalaba wa mulango ya mama." Nikaanza kulia, kwa sababu nilikuwa nimevunja amri. Nilidhani hilo ndilo kosa lenyewe. "Papa, haikupasuka. Mikono yangu iko sawa, angalia."

Nilimwonyesha mikono yangu yote miwili. Aliishika, akaitazama kweli, kidole kwa kidole, kama anaikagua. Kisha akaokota kuti, akalichomeka kwenye usukani, akaigeuza kinga bila kugusa chakula chake. Shangazi alikuwa jikoni. Alipotoka akakuta sahani mbili zimejaa na mimi peke yangu.

Papa alirudi kesho yake mchana, anasukuma. Kuti halikuwapo tena. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na dumu moja tu la mawese, limetoboka, likichuruza njia nzima, na kitambaa kile alichokishona mama kimelowa chote. Tonton hakuwapo. Watu wa karibu na mteremko ule, waliojificha msituni, walimwambia walimwona kijana mwenye pengo akipelekwa pamoja na wengine, na boksi kichwani, upande wa kaskazini. Alikuwa hai. Hilo ndilo neno la mwisho tulilolipata juu ya Tonton Kambale mpaka leo.

Shangazi alikaa chini. "Lakini namna gani? Haukufunga njia?"

Papa alikuwa akinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilikuwa sijui bado swali hilo maana yake nini.

"Nilisahau," alisema papa. "Nilisahau kufunga njia."

Mwezi mmoja baadaye, tuliporudi Mangobo, aliyasema maneno hayohayo mbele ya mama. Mama hakupiga kelele. Aliuliza mara moja, "Ulisahau?" Papa akasema, "Nilisahau." Mama akaingia ndani akamnyonyesha mtoto.

Jumapili iliyofuata papa alitoa kinga nje, akakipangusa kiti, akasimama. "Tunaenda?"

"Tunaenda," alisema mama, akaanza kutembea.

Papa hakuendesha. Aliisukuma kando yake, kiti kitupu kati yao, mpaka kanisani, na kurudi vivyo hivyo. Na Jumapili nyingine. Na nyingine. Nyinyi wa Mangobo lazima mliwaona; watu walizoea hata wakaacha kuuliza. Hawakugombana. Mama alimpikia, alimzalia mtoto mwingine, alimwuguza malaria. Lakini kwenye kinga ile hakukaa tena. Mvua ikinyesha alifunika kichwa kwa kitenge akatembea, na papa akalowa kando yake na kinga yake tupu. Aliitoa kila Jumapili, sijui kwa tumaini au kwa adhabu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipoelewa. Tulikwenda Masako na wenzangu wa shule kununua muhogo mashambani, na kwenye njia panda palikuwa na kuti limelala. Nilitaka kulisogeza kwa mguu. Rafiki yangu akanivuta. "We! Usitoshe, acha pale pale. Bamefunga njia." Nikamwuliza maana yake, akanieleza akishangaa kwamba binti wa mtu wa kinga hajui. Nilikaa chini palepale. Wenzangu walidhani nimepatwa na homa, wakanirudisha nyumbani.

Papa alikuwa uani anaziba tundu la mpira wa kinga. Nikasema, "Papa, ile jani..."

"Shika pompi," alisema.

"Papa, ni miye nili..."

"Shika pompi, Kavira." Akakandamiza kiraka kwa dole gumba, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Miye nilisahau. Nilishasema. Mutu mukubwa hasemaki mara mbili." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ni miye nilikuleta kwa ile njia."

Nikapiga pompi. Mimi pia nikanyamaza, na sitajitetea: nilinyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi. Mzigo ulikuwa umeshapata mgongo.

Alikufa mwaka huu, kitandani mwake, jambo ambalo rika lake wachache walilipata. Siku mbili kabla, mama alikaa kando yake akamfuta midomo, akasema, "Papa Kavira, ile maneno ya njia, nilishakusamehe. Uende muzuri."

"Aksanti," alisema papa. Akanitafuta kwa macho juu ya bega la mama, akatikisa kichwa kidogo sana. Usiseme. Msamaha ule ulikuwa wangu. Akaupokea yeye, kama alivyopokea lawama, akaondoka nao.

Matanga yalikwisha. Na juzi, nikiwa nimekaa kwenye vumbi nanuka mawese, mama alitoka jikoni na beseni la sombe, akanikuta. Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia juu ya misalaba, na kichaka, na tone la maji kwenye shina, na mkeka. Nilimwambia papa alifunga njia, vizuri, shina limeelekea kunakotakiwa, na mimi ndiye niliyeifungua.

Mama aliendelea kuchambua majani. Alichambua fungu zima. Mikono yake imezeeka sana, nilikuwa sijaiona.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Tisa, mama."

"Tisa," alisema. "Ulitaka kuweka ju ya mulango?"

"Ndiyo."

Akaweka beseni chini. Nilidhani atamlilia ndugu yake, na nilikuwa tayari kwa hilo, nimekuwa tayari maisha yangu yote. Lakini alisema, "Miaka yote ile alisukuma tupu," na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Na mvua. Alisukuma tupu na mvua, na hakusema."

Alilia mpaka mdogo wangu akatoka ndani, na yule mtu wa vyuma chakavu, aliyekuwa amefika langoni, akaondoka mwenyewe na mkokoteni wake. Kisha mama akajifuta kwa ncha ya kitenge. Akaisogelea kinga, akaipapasa usukani, akageuka kwa shida, mama mzima wa miaka yake, akapanda upande upande kwenye kile kiti cha vitenge. Magurudumu hayakuwa na upepo hata kidogo. Akaweka mkono mmoja kiunoni, akanyoosha mgongo.

"Sukuma," aliniambia.

"Wapi, mama?"

"Ku misa."

"Mama, leo hapana Jumapili, ni siku ya pili."

"Kavira, sukuma."

Hakusema kama amenisamehe, nami sijamwuliza. Nilishika usukani, mdogo wangu akashika nyuma, na rimu zikasaga vumbi la uani polepole, tukaelekea langoni.